Sauti Iliyofuta Bima ya Tussa

Norrlövsjö,
30 Desemba

Dada Solveig,

Nakusalimu kwanza, kisha nakuomba radhi, halafu ndipo unigombeze. Goti lako linaendeleaje tangu wakuwekee lile la chuma? Na Rune, kikohozi kimemwacha, au bado anakunywa majani yake ya ajabu na kumkimbia daktari? Nawawaza sana huko Göteborg, na hiyo Krismasi yenu ya mvua. Huku theluji imefika kwenye dirisha la jikoni, na jua linachungulia saa tatu na nusu tu, ikifika saa nane limeshakinai na kwenda zake. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, kuni napasua mwenyewe, na hilo la kuni usimwambie Rune maana ataniletea mawaidha.

Najua umenuna. Umenipigia simu mara kumi na nne tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio, simu yenyewe imehesabu, na sikupokea hata moja. Usidhani ni kwa ajili ya yale maneno yetu baada ya mazishi, uliponiambia niuze nyumba nami nikakuambia ukauze yako. Yale yalishapita, na kusema kweli nilicheka peke yangu ulipoondoka. Sababu ni nyingine. Nitakueleza, lakini uniache niifikie kwa miguu yangu, maana ukinisukuma nitaichana karatasi hii kama nilivyozichana tatu za jana.

Nianze na Tussa. Unajua vile alivyokuwa mbwa wa Sixten, si wangu. Mimi nilimpikia, nikamtoa kupe, nikamfuta matope kwa miaka kumi na moja, lakini akisikia buti za Sixten uani mimi nageuka kuwa kiti. Na siku ile ya Oktoba walipomkuta marehemu mume wangu kwenye kiti chake cha kuwindia, bunduki magotini, macho wazi yakitazama njia ya wanyama, Tussa alikuwa amelala juu ya buti zake. Östen, jirani yetu na mkuu wa kikosi chao cha uwindaji, ananiambia iliwachukua saa nzima kumsogeza, na yeye Östen ana kovu la meno mkononi mpaka leo.

Tangu siku ile mbwa alikataa kula. Siyo kwamba hakuwa na njaa, alikuwa anadondosha mate! Ila Sixten alimfundisha tangu akiwa mtoto: bakuli likiwekwa, anakaa, anangoja, hagusi hata tonge mpaka bwana wake aseme, "Haya bibi, karibu." Wawindaji wa huku wote wanafundisha hivyo, na wote wanajisifia, na hakuna hata mmoja anayejiuliza mbwa atafanya nini siku neno hilo litakapokosa wa kulisema. Nililisema mimi. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayejifanya askari. Siku nne alikaa mbele ya nyama ya kulungu iliyokatwakatwa na kutiwa mafuta, akitetemeka, na hakula. Baadaye alikula. Namna alivyoanza kula nitakueleza mwisho, nikipata moyo.

Desemba, wiki moja kabla ya sikukuu, akaugua. Alianza kunywa maji, bakuli baada ya bakuli, tumbo likamjaa, akawa anaona tabu kusimama. Östen alinipeleka kliniki kwa gari lake. Unamkumbuka Annelie, daktari wa wanyama, yule aliyepiga akodioni kwenye harusi ya mtoto wa Östen? Akampapasa, akampiga picha, akasema ni usaha kwenye kizazi, kitolewe, na kitolewe haraka. Dawa zingemshikilia mpaka Ijumaa saa sita mchana, na baada ya hapo kliniki inafunga chumba cha upasuaji mpaka baada ya Krismasi. Kisha akaniambia nisihofu, mama, mbwa kama huyu bila shaka ana bima, wao watawasiliana na kampuni moja kwa moja na mimi nitalipa kasehemu kangu tu.

Nikasema ndiyo, ana bima, tangu akiwa na wiki nane. Wakaandika. Jibu likarudi kabla sijamaliza kahawa: madai yamekataliwa, kinga imekwisha.

Dada, sikia hesabu yenyewe. Gharama ilikuwa kroni elfu thelathini na nane. Pesa zipo, lakini unajua mwenyewe mambo ya mirathi: mpaka orodha ya mali iandikwe na kukubaliwa, akaunti zetu zimefungwa kama ziwa lililoganda, pesa naziona ndani na siwezi kuzigusa. Kulipa kidogo kidogo wakakataa, eti mjane ambaye mirathi yake haijafungwa kompyuta haimkubali. Östen alikuwa amesimama pale mlangoni akichezea kofia yake. Akanivuta pembeni akaniambia kwa upole, kwa kweli alikuwa mpole, kwamba mbwa wa miaka kumi na moja ameshakula chumvi yake, na kwamba yeye anaweza kumchukua msituni kesho asubuhi, pale anapopapenda, ampe soseji, na Tussa asingesikia hata mlio. Nikamwambia akampe soseji mama mkwe wake. Alicheka, lakini aliondoka na bunduki ikiwa bado kichwani mwake, niliona.

Utauliza kwa nini sikukupigia wewe. Vumilia.

Nikawaomba kliniki simu yao, nikakaa kwenye kiti cha Annelie, nikaipigia kampuni. Nilipokewa na kijana anaitwa Fröberg, sauti laini, mwenye adabu hata ukatamani kumpiga. Alinieleza kwamba bima ilikuwa kwa jina la Sixten na ikilipwa na benki ya Sixten kila mwezi. Sixten alipofariki, hospitali iliiambia serikali, serikali ikaiambia benki, benki ikasitisha malipo yote. Ndivyo ilivyo nchi yetu, jeneza halijachaguliwa bado na mashine zote zimeshajua. Miezi miwili haikulipwa, kwa hiyo bima nayo imekufa. Akasema walinitumia barua. Ni kweli walituma. Ilikuwa kwenye kopo la mkate pamoja na barua nyingine zote zilizoandikwa "Kwa mirathi ya marehemu", ambazo sikuzifungua kwa sababu sikupenda anwani hiyo.

Lakini mimi siyo wa kuambiwa hapana mara moja. Östen alinirudisha nyumbani, nikaupekua mkataba wenyewe kwa miwani miwili, ya kwangu na ya marehemu juu yake, na ukurasa wa kumi na moja nikakipata: mwenye bima akifa, kinga inaendelea kwa siku tisini kwa faida ya mirathi, malipo yawe yamekatika yasiwe yamekatika. Nikahesabu kwa vidole. Alikufa tarehe tisa Oktoba. Siku tisini zinafika Januari! Alhamisi asubuhi nilikuwa kliniki kabla hawajawasha taa. Nikampigia Fröberg, nikamsomea kifungu hicho polepole, neno kwa neno, kama ninamsomea mtoto. Akaniomba nisubiri. Aliporudi alikuwa anafurahi, maskini, akasema mama uko sahihi, sisi ndio tuliokosea, kinga ipo, ngoja tu niifungue. Nikamfanyia Annelie ishara ya kidole gumba. Annelie akaanza kuvaa glavu.

Kisha nikasikia Fröberg anaacha kuchapa. Akasema, samahani, hapa kuna jambo. Bima haikufa kwa kutolipwa. Ilifutwa. Mwenye bima mwenyewe alipiga simu akaomba ifutwe, na ikafutwa siku ileile.

Nikamwuliza mwenye bima yupi. Akasoma: Sixten Hedlund. Aliyepiga alitaja namba yake ya kuzaliwa kwa usahihi, akataja namba ya ile chipu iliyo shingoni mwa mbwa, tarakimu zote kumi na tano, bila kusitasita. Kompyuta yao ilikuwa haijapata bado habari ya kifo, iliipata wiki moja baadaye, kwa hiyo msichana aliyepokea hakushuku kitu. Nikauliza ilikuwa lini. Akasema tarehe ishirini na sita Novemba, saa nane na dakika tano mchana.

Tulimzika tarehe ishirini na nne Oktoba. Wewe ulikuwepo, ulishika mkono wangu wa kushoto.

Nikamwambia Fröberg nataka kuisikia simu hiyo. Akasita, akaenda kumwuliza mkubwa wake, akarudi, akasema ninayo haki ya kuisikia kama mrithi. Annelie akabonyeza kitufe ili sauti itoke nje. Tussa alikuwa amelala kwenye meza ya chuma nyuma yetu, mrija mguuni, amelewa dawa, ulimi nje.

Kwanza kikaja kikohozi. Solveig, unakijua kikohozi kile, kama mtu anayeburuta kiti. Halafu sauti. Alijitaja jina. Akasema anataka kuifunga bima ya mbwa wake. Msichana akamwuliza sababu kwa adabu, na yeye akasema hataihitaji, naondoka naye. Msichana akauliza, mnahamia wapi? Akasema, msituni. Msichana akacheka, akamtakia uwindaji mwema, na yeye akamwambia ahsante mwanangu. Nyuma ya sauti ilisikika saa ya ukutani ya jikoni kwangu, ile ya mama, yenye mlio wa kuchechemea. Na kabla simu haijakatika, kwa mbali kidogo, kama mtu aliyekwisha kugeuza uso, akasema: "Haya bibi, twende."

Tussa akasimama. Naapa mbele yako. Mbwa ambaye Annelie alimchoma sindano ya usingizi dakika kumi nyuma alisimama juu ya ile meza kwa miguu minne, mkia ukipiga ukuta wa bati, mrija ukachomoka, damu ikaruka kwenye koti la Annelie, na akawa anautazama mlango. Tulimshika wawili. Alilia tulipomlaza. Annelie alikuwa mweupe kama unga, akasema kwa sauti ndogo, huyu ni Sixten, Ingegerd, huyu ni Sixten kabisa. Nami nikasema, ndiyo.

Fröberg kwenye simu hakuona lolote kati ya hayo. Alirudi na maelezo ya mkubwa wake, na hapa unisome vizuri kwa sababu ndipo kisu kilipolala. Mkubwa alisema mambo ni mawili tu. Kama aliyepiga ni mtu asiyehusika, yeyote yule, akijifanya marehemu, basi simu ile ni batili, marehemu hafuti mkataba, kinga ipo, na mbwa afanyiwe upasuaji leo. Lakini kama aliyepiga ni mjane, hata kama alitumia jina la mume wake, mjane ni mrithi, anayo haki ya kufuta, amefuta, na mambo yamekwisha. Kwa hiyo nisaini karatasi. Wangeituma hapohapo kwenye mashine ya kliniki. Niandike kwamba mimi Ingegerd Hedlund sikupiga simu ile wala simjui aliyepiga, na niape kwa heshima na dhamiri yangu.

Unajua maneno hayo yanavyokaa katika ukoo wetu. Kanisani hatuendi, Mungu tunamkumbuka kwenye ubatizo na mazishi, lakini "kwa heshima na dhamiri" baba alikuwa akivua kofia ndipo anaandika. Mwaka ule alipopima magogo ya kampuni na kukosea mti mmoja, si alitembea kilomita kumi na mbili kwenye theluji kurudi kuufuta daftarini? Na sisi tulimngoja na viazi vinapoa.

Karatasi ikatoka ikiwa bado na joto. Annelie akanipa kalamu yake. Tussa alikuwa anahema.

Nilisaini.

Walimpasua saa tano. Kizazi kilikuwa kizito kama mtoto mchanga, Annelie alinionyesha, sikutaka kukiona. Alisema tungechelewa siku moja angepasuka ndani. Jumamosi nilimleta nyumbani, tumbo limenyolewa, shingoni kola kubwa ya plastiki kama taa ya mezani, anagonga kila mlango. Kampuni imelipa. Fröberg alinitumia hata kadi ya Krismasi.

Sasa nimefika, dada. Kaa chini kama umesimama.

Siku ya tano ya Tussa kutokula, nilitoa jaketi la Sixten la kuwindia pale kwenye msumari, nikalivaa. Lilikuwa bado na harufu yake, ugoro na lami ya msonobari. Nikasimama pale alipozoea kusimama, mgongo kwenye jiko la kuni, nikashusha sauti mpaka kifuani, nikasema, "Haya bibi, karibu." Unanijua. Tangu utotoni nilikuwa naweza kumtoa mtu yeyote kooni mwangu, na wewe ulichapwa na baba kwa ajili ya sauti ya mchungaji niliyoitoa mimi nyuma ya ghala, na sijawahi kukuomba msamaha, basi nakuomba leo. Tussa alikula. Alilamba bakuli mpaka likatembea sakafuni. Nililia kwa furaha, nikiwa nimevaa jaketi la mwanaume.

Basi ikawa kila siku, asubuhi na saa nane. Mwanzoni ni maneno hayo matatu tu. Halafu nikawa namwongelesha kidogo zaidi, kwa ajili ya mbwa, nilijiambia, mbwa anapenda. Halafu nikawa nauliza swali kwa sauti yangu na kujibu kwa ile nyingine. Wajane wangapi wanafanya hivyo? Nilidhani ni wengi. Ila siku moja nilikuwa nautafuta ufunguo wa kabati la bunduki, polisi walikuwa wanataka kuzichukua, nimepindua nyumba nzima, nikasema kwa hasira, umeuweka wapi wewe mzee? Na koo langu likajibu kabla sijalipa ruhusa: kwenye kopo la nta ya skii, chini. Ulikuwepo. Mimi skii sijavaa miaka ishirini, Solveig, kopo hilo sijawahi kulifungua.

Tarehe ishirini na sita Novemba nakumbuka hivi tu: nilivaa jaketi, nikamlisha Tussa, nikakaa mezani na kahawa. Halafu dirisha limekuwa jeusi, kahawa baridi, na simu iko mkononi mwangu. Nilidhani nimesinzia.

Na ulipopiga wewe, ile Jumapili ya Majilio, niliona jina lako, nikanyoosha mkono kwa furaha. Nikasikia koo langu linajitayarisha. Likakohoa, kile kikohozi cha kuburuta kiti. Niliiacha simu ikalia mpaka ikachoka. Ndiyo sababu, dada. Niliogopa ungesikia nani anakwambia haloo. Mbele za watu, kliniki, dukani, sauti ni yangu. Nyumbani, peke yangu na mbwa, nilikuwa sina hakika.

Kwa hiyo nilijua. Annelie alimsikia Sixten, Tussa alimsikia Sixten, lakini mimi kwenye ile simu nilisikia kitu ambacho wao hawakukijua: kabla ya kila sentensi kulikuwa na mgongano mdogo, tik, wa meno yangu ya chini ya bandia ambayo yamelegea tangu kiangazi. Sixten alizikwa na meno yake yote. Niliyasikia meno yangu wazi kabisa, nikachukua kalamu, na nikaapa kwa heshima na dhamiri kwamba si mimi. Nimesema uongo kwa maandishi, mimi binti wa baba, kwa ajili ya mbwa. Na ungenirudisha pale mezani ningesaini tena, usijidanganye.

Lakini sikiliza yaliyofuata. Jumamosi ile nilipomleta nyumbani niliweka bakuli, nikavaa jaketi, nikafungua mdomo. Na kabla sijatoa pumzi, sauti ikasema, "Haya bibi, karibu." Ilitoka kwenye ukumbi wa kuingilia, pale tunapovulia buti. Mdomo wangu ulikuwa wazi na mtupu. Sikusikia meno. Tussa akala.

Niliapa kwamba si mimi, na tangu siku hiyo kweli si mimi. Jaketi nimelirudisha msumarini na silivai tena, na haihitaji. Mkesha wa Krismasi, nikiwa nimeweka uji wa mchele mezani, ilitoka nje kwenye ngazi. Juzi ilitoka kwenye ghala la kuni. Leo saa nane kasoro ilitoka kule kwenye miti ya mibetula karibu na barabara, na siyo "karibu" tena. Ilikuwa "twende". Kila siku inasogea hatua chache, kwa subira, kama anavyofundishwa mbwa mchanga kuifuata njia. Nimekagua theluji. Hakuna nyayo.

Tussa anapona vizuri. Hilo ndilo linalonitisha. Tarehe mbili Annelie atamtoa nyuzi na ile kola, na mbwa asiye na kola anapita popote, unajua mwenyewe alivyokuwa anatoka kwa dirisha la bafu. Nimemtoa kwenye bunduki ya Östen, nimemtoa kwenye usaha, nimemshonesha na kumnenepesha, na nimemshonesha kwa ajili ya nani? Usiku nalala sakafuni mkono wangu ukiwa kwenye ukosi wake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika kwenye miti ya mibetula, na inarefuka.

Nimeamua hivi. Pamoja na barua hii nimeandika nyingine kwa Fröberg. Nimemwambia aliyepiga simu ni mimi, meno na yote, na kwamba nilisaini nikijua. Watadai pesa zao, labda wataniletea polisi, na Norrlövsjö nzima watakuwa na la kusema mpaka kiangazi. Waseme. Nikiidai sauti ile kuwa yangu kwa mkono wangu, kwa heshima na dhamiri ileile, labda itarudi kooni kwangu, na huko nitajua la kuifanya, hata kama itanibidi ninyamaze maisha yangu yote. Namtaka mbwa wangu. Ndiyo, nimesema wangu.

Barua zote mbili naziweka kwenye sanduku la posta kesho asubuhi. Liko barabarani, unalikumbuka, palepale kwenye mibetula. Nitamfungia Tussa bafuni na nitakwenda haraka. Ukiipata barua hii ujue nilifika. Na ukiipata usinipigie, panda treni tu, njoo na goti lako la chuma na Rune na majani yake, nina viazi na nyama ya kutosha watu sita, na kitanda cha juu kimetandikwa. Ni mara ya kwanza nakuomba kitu tangu tukiwa wasichana, kwa hiyo usijifanye hukusoma.

Msalimie Rune. Wabusu wajukuu mmoja mmoja, na yule mdogo umwambie skafu yake nimeifuma, ni ya kijani. Annelie anakusalimu, na Östen pia, pamoja na kovu lake. Tussa amelala hapa mguuni pangu, pua ameitia chini ya mlango, anausikiliza ua.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ingegerd

Na Sixten anakusalimu. Sikumwambia kwamba nakuandikia.